Kamera ikigoma kushika Wi-Fi Ifo, kosa huwa wapi?

KAMERA ndogo ya usalama hufika Ifo ikiwa ndani ya boksi lake, pamoja na waya wa umeme, skrubu tatu na karatasi ya maelezo iliyotafsiriwa kutoka Kichina hadi Kiingereza na mtu aliyekuwa na haraka. Mwenye duka huichomeka, taa huanza kumetameta, na sauti iliyorekodiwa humwarifu kwamba chombo kiko tayari kuunganishwa. Dakika mbili baadaye sauti iyo hiyo hutangaza kwamba imeshindwa.

Hujaribu mara ya pili na ya tatu. Jua likitua, hukumu huwa imeshatolewa: kamera ni mbovu, irudishwe ilikotoka.

Kwa mnunuzi wa Nairobi hukumu hiyo si ghali. Hupanda matatu hadi Eastleigh, akabadilishiwa kamera na kurejea nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Ifo mambo ni mengine. Kambi hiyo ni mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, takriban kilomita 100 kutoka mjini Garissa, na kutoka Garissa hadi jijini ni safari nyingine ya zaidi ya kilomita 350. Kwa miaka mingi mkimbizi amehitaji kibali maalum ili avuke vizuizi vya polisi vilivyo njiani, na kibali hakitolewi kwa sababu ya kamera.

Kwa hivyo mzigo hurudishwa kwa mkono wa dereva au jamaa. Mvua ikinyesha kupita kiasi, kama ilivyokuwa Novemba 2023 mafuriko yalipoikata barabara ya Garissa kuelekea Nairobi, mzigo huo hulala njiani hadi maji yapungue.

La kuudhi zaidi ni jibu linalorudi nayo mara nyingi. Muuzaji huichomeka kamera dukani kwake Eastleigh, ikashika papo hapo, naye akairejesha akiwa na hakika kwamba mteja ndiye asiyejua kuitumia. Wote wawili huwa wanasema kweli. Kamera ni nzima. Kilichobadilika ni umeme, mawimbi na kuta zinazoizunguka.

Haja ya kamera yenyewe haina mjadala. Ifo ilianzishwa mwaka 1991, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka na Wasomali kuvuka mpaka kwa maelfu. Dagahaley na Hagadera zilifuata mwaka 1992. Kambi hizo tatu zilikusudiwa watu 90,000, lakini ukame wa mwaka 2011 ulipoleta umati mpya, idadi ya wakimbizi ilipita 400,000. Ni mji, ingawa haukuitwa mji, wenye maduka ya jumla, mawakala wa M-Pesa, wauza maziwa ya ngamia, mafundi wa simu na maghala ya unga na sukari.

Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa shirika la Médecins Sans Frontières walitekwa nyara katika kambi jirani ya Ifo 2, na hawakuachiliwa hadi Julai 2013. Tangu siku hiyo mashirika yaliongeza kuta, vizuizi na walinzi. Mwenye duka wa kawaida alibaki na kufuli, ua wa miiba na mlinzi wa usiku ambaye naye ni binadamu, hupitiwa na usingizi.

Kamera ya Wi-Fi huonekana kuwa jawabu la bei nafuu. Haihitaji nyaya ndefu wala mtambo wa kurekodia uliofungiwa chumbani. Lakini unafuu huo una masharti ambayo maandishi ya boksi hayaelezi.

Jambo la kwanza ambalo huwachanganya wengi ni kudhani kwamba Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja. Wi-Fi ni njia fupi ya redio kati ya kamera na ruta, yaani kile kisanduku kinachogawa mtandao nyumbani au dukani. Intaneti ni njia ndefu inayoanzia kwenye ruta hiyo, ikapitia mlingoti wa kampuni ya simu, hadi kwenye tarakilishi za mwenye programu zilizo ng'ambo. Kamera yaweza kushika Wi-Fi barabara huku intaneti ikiwa haipo kwa sababu bando limekwisha. Aidha, intaneti yaweza kuwa tele kwenye simu ya mwenye duka ilhali kamera haijaiona ruta kamwe.

Ndiyo maana fundi mzoefu huanza kwa kuangalia taa na kusikiliza sauti. Rangi hutofautiana kwa kila kampuni, ila kwa kawaida taa inayometameta humaanisha kamera ingali inatafuta mtandao, na iliyotulia humaanisha imeupata. Taa ikiwa imetulia na picha haionekani, hakuna haja ya kuhangaika na Wi-Fi. Kosa liko mbele zaidi, katika intaneti au katika programu. Taa isipowaka kabisa, au ikiwaka na kuzimika, mshukiwa ni umeme.

Na umeme, katika kambi kama Ifo, hustahili kushukiwa kwanza kabla ya chochote kingine. Wafanyabiashara wa huko wametegemea jenereta za dizeli za watu binafsi, ambao huvuta nyaya kutoka duka hadi duka na kutoza ada, pamoja na paneli za sola juu ya mapaa. Kuna kejeli fulani hapo. Kituo cha umeme wa jua cha Garissa, chenye uwezo wa megawati 50, kilizinduliwa Desemba 2019 katika kaunti iyo hiyo, lakini umeme wake huingizwa katika gridi ya taifa.

Kamera nyingi za nyumbani huhitaji volti 5 na ampea 1 hadi 2. Chaja iliyokuja ndani ya boksi ikipotea, au soketi yake isipolingana na ya dukani, mwenye kamera huchukua chaja yoyote ya simu. Chaja nyingi za zamani hutoa nusu ampea tu. Kamera huwaka, taa humetameta, hata huzungusha shingo yake kama iliyo nzima, lakini wakati wa kutuma mawimbi ya redio ndipo inapohitaji nguvu zaidi, na nguvu hizo hazipo. Hujizima na kujiwasha tena. Mtazamaji huona ni kukataa Wi-Fi. Kwa hakika ni njaa.

Njaa hiyo huzidi usiku. Giza likiingia, kamera huwasha vitaa vya mwanga usioonekana kwa macho ili ione gizani, navyo hula umeme. Kamera iliyofanya kazi mchana kutwa hukatika saa moja ya jioni, saa ile ile ambayo mwenyewe anaihitaji. Walio wengi hulaumu kampuni ya simu, wakidai mtandao wa jioni ni dhaifu. Pengine ni dhaifu kweli, lakini kwanza ibadilishwe chaja.

Waya nao una lawama yake. Volti 5 hupungua njiani zikisafirishwa kwenye waya mwembamba wa mita kumi kutoka kaunta hadi mlangoni. Dawa ni waya mnene zaidi. Kwa mwenye betri ya sola ya volti 12, ni bora kuuvuta umeme huo wa volti 12 hadi karibu na kamera, kisha kuupunguza hapo kwa kifaa kama kile cha kuchajia simu ndani ya gari. Kuiunganisha kamera ya volti 5 moja kwa moja na betri ya volti 12 ni kuiua. Hapo hakuna tena la kutengeneza.

Jenereta ina ada nyingine ya kuudhi: ikizimwa na kuwashwa, kila kitu huamka kwa pamoja. Ruta huchukua dakika moja hadi tatu kabla ya kuanza kugawa mtandao, ilhali kamera huamka mapema na kuanza kuutafuta. Kamera nzuri huendelea kujaribu. Nyingine hukata tamaa na kungoja hadi zizimwe tena. Kwa mwenye kamera ya aina hiyo, betri ndogo ya kuishikilia ruta isizime humwepusha na usumbufu wa kila siku.

Umeme ukiisha kuthibitishwa, huja suala la masafa, ambalo huwaangusha hata waliosoma. Ruta nyingi za kisasa hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 2.4 ni ya polepole lakini hufika mbali na hupenya ukuta kwa urahisi zaidi. Ya 5 ni ya kasi lakini huchoka upesi. Kamera za bei nafuu, karibu zote, husikia ya 2.4 peke yake. Kwao ya 5 haipo.

Taabu huanza pale ruta inapoyapa mawimbi yote mawili jina moja. Simu ya mwenye duka, ambayo husikia yote, huchagua ya 5 kwa sababu ya kasi. Programu ya kamera nayo husoma jina la mtandao kutoka kwenye simu hiyo na kumwagiza mwenye duka aingize neno la siri. Mambo huonekana sawa kabisa, lakini kwa baadhi ya kamera na ruta mpango huo huvurugika na uunganishaji hukwama katikati.

Jawabu ni kuingia katika mipangilio ya ruta na kuyapa mawimbi hayo majina mawili tofauti, au kuyazima ya 5 kwa muda hadi kamera ishike. Huduma ya setilaiti ya Starlink, iliyoanza kuuzwa nchini Kenya Julai 2023, ni mfano mzuri: ruta yake hutumia jina moja kwa masafa yote hadi mtumiaji aamue kuyatenganisha, na chaguo hilo limo ndani ya programu yake.

Wasio na ruta hutumia simu kugawa intaneti. Njia hii hufaa, ingawa ina mitego mitatu. Simu nyingi za Android humruhusu mtumiaji kuchagua masafa ya kugawa, na hapo achague 2.4, kwenye iPhone za karibuni kuna swichi ya kuongeza upatanifu na vifaa vingine, ambayo hufanya kazi iyo hiyo. Pili, mara nyingi simu inayogawa haiwezi wakati huo huo kutumika kuiunganisha kamera, hivyo huhitajika simu ya pili ya kuendeshea programu. Tatu, na hili husahaulika kwa namna ya ajabu, mwenye simu akienda msikitini au sokoni huondoka na mtandao mfukoni. Kamera hubaki imekodoa macho bila wa kumpa habari. Simu ya zamani iliyoachwa dukani, ikiwa kwenye chaja na ina laini yake, huliondoa tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Jina la mtandao na neno la siri navyo vina ukorofi wake. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Nafasi iliyoachwa mwishoni mwa jina haionekani kwa macho, lakini kamera huihesabu. Baadhi ya kamera hushindwa kusoma majina yenye vikatuni, alama zisizo za kawaida au hati isiyo ya Kilatini, jambo linalogusa maduka ambayo huandika jina la mtandao kwa Kiarabu. Jina jepesi la herufi na tarakimu tu, bila mapambo, huondoa shaka. Hali kadhalika, ruta iliyowekewa ulinzi mpya wa WPA3 pekee haitaelewana na kamera ya zamani. Ibadilishwe iwe WPA2, au mchanganyiko wa zote mbili.

Ruta ndogo za mkononi, zile zinazotumia laini ya simu, huwa na kikomo cha idadi ya vifaa. Mteja wa kumi na moja akiingia, hufungiwa mlango. Duka ambalo vijana wote wa jirani wanajua neno lake la siri hujaa kabla kamera haijabisha hodi. Kulibadilisha neno hilo ni suala la dakika chache. Kuwaeleza vijana sababu ni kazi ya jioni nzima.

Kwa upande wa simu inayotumika kuunganishia, programu huomba ruhusa ya kujua mahali ilipo na ruhusa ya kuona vifaa vilivyo karibu. Wengi huzikataa kwa kuogopa kupelelezwa, na hofu yao si ya kipuuzi. Lakini bila ruhusa hizo programu nyingi haziwezi kuuona mtandao wa Wi-Fi, wala kamera yenyewe. Ziruhusiwe wakati wa kuunganisha, zifungwe baadaye. Data ya simu nayo izimwe kwa dakika hizo chache, na VPN kama ipo, ili simu isikimbilie njia nyingine.

Kamera inayosoma msimbo wa QR kutoka kwenye kioo cha simu huhitaji mwanga wa kioo uongezwe, simu ishikwe kiasi cha shubiri moja mbele yake, na ile karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwenye jicho la kamera kiwandani ibanduliwe. Wapo waliohangaika siku mbili kwa sababu ya karatasi hiyo.

Baada ya hapo yabaki mabati. Sehemu kubwa ya soko la Ifo imejengwa kwa mabati na fito, na maghala mengine ni makontena ya chuma. Mawimbi ya redio hayapenyi chuma. Hugonga na kurudi. Ua wa miiba hauyazuii sana, hema la turubai haliyazuii, ukuta wa udongo huyapunguza. Bati huyafungia ndani kama kuku ndani ya tundu.

Kwa hiyo ruta iliyo ndani ya duka la mabati na kamera iliyo nje juu ya mlango zaweza kuwa hatua tatu tu kutoka kwa kila mmoja zisisikilizane. Kipimo chake ni rahisi: kamera iletwe ndani, iwekwe mezani kando ya ruta. Ikishika hapo na kukatika inapopelekwa nje, hakuna ubovu katika kamera wala katika neno la siri. Ruta isogezwe karibu na dirisha la wavu au pengo chini ya paa. Iwapo haiwezekani, kifaa cha kurudia mawimbi kiwekwe mahali kinapoonana na pande zote mbili. Kukiweka karibu na kamera iliyokwisha kukosa mawimbi hakusaidii, maana nacho kitayakosa vile vile.

Mabati yana kosa la pili, nalo ni joto. Mchana wa Garissa mara nyingi hupita nyuzi 35 za Selsiasi kivulini, na chini ya bati joto huwa kali zaidi. Kamera nyingi za ndani zimeundwa kustahimili kati ya nyuzi 40 na 50. Ikipita hapo huanza kukatika alasiri na kupona jioni, kinyume kabisa na kamera yenye njaa ya umeme. Tofauti hiyo ya saa humsaidia fundi kutambua maradhi bila kufungua skrubu hata moja. Kamera na ruta zisibandikwe kwenye bati lenyewe. Kipande cha mbao kati yake na bati, pamoja na kivuli kidogo, hutosha.

Sasa intaneti. Kamera inayotuma picha mfululizo kwa kasi ya megabiti moja kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 450 kwa saa, yaani karibu gigabaiti 11 kwa siku. Hakuna bando la kawaida la mwenye duka linalostahimili hilo. Kamera iwekewe kadi ya kumbukumbu irekodi humo humo, na itume taarifa pale tu inapoona kitu kikitembea. Mwenyewe naye afungue picha anapohitaji, si kuiacha wazi kutwa kama runinga.

Laini iliyo ndani ya ruta nayo huweza kuwa ndiyo kisa. Mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza laini zote zisajiliwe kikamilifu, na makataa ya mwisho yakawekwa Oktoba 15. Laini iliyoazimwa au kununuliwa bila usajili sahihi yaweza kufungwa bila mwenye kamera kujua, kwa kuwa laini hiyo haipigwi wala haipokei simu. Itolewe, itiwe kwenye simu ya kawaida, ijaribiwe.

Kuna na kisa ambacho fundi hana dawa yake. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, wanamgambo wa Al-Shabaab wameilenga milingoti ya simu mara kadhaa. Januari 2020 walishambulia eneo la Saretho, karibu na Dadaab, ambako kuna mlingoti wa mawasiliano, na watu wakauawa. Mlingoti ukianguka, kila kamera inayoutegemea hupofuka kwa mtazamaji wa mbali, tena katika saa ambayo wakazi wana hofu zaidi. Kamera yenye kadi ya kumbukumbu na umeme wake yenyewe huendelea kurekodi. Isiyo na kadi hubaki pambo la ukutani.

Limebaki suala moja ambalo huchukuliwa kuwa la kiufundi ilhali ni la usalama wenyewe. Bidhaa nyingi katika kambi hubadilisha mikono. Mtu apataye nafasi ya kuhamia Marekani, Kanada au Ulaya huuza alichonacho kabla ya kuondoka, na mfanyakazi anayemaliza mkataba hufanya vivyo hivyo. Kamera iliyotumika hununuliwa kwa nusu ya bei, hurejeshwa katika hali ya kiwandani kwa kubonyeza kitufe kwa sindano, na bado hugoma. Programu husema chombo hicho kina mwenyewe.

Kitufe hufuta jina la Wi-Fi na neno la siri tu. Katika kamera nyingi hakifuti akaunti ya aliyeisajili mwanzo, kwa sababu usajili huo hauko ndani ya kamera. Uko kwenye tarakilishi za kampuni. Aliyeuza ndiye anayepaswa kuiondoa katika akaunti yake, na huweza kufanya hivyo akiwa popote duniani ilimradi anakumbuka neno lake la siri. Mnunuzi mwerevu humtaka aiondoe mbele yake kabla ya kulipa.

Ugumu huo una busara ndani yake. Kinyume chake ndicho cha kuogofya: kamera iliyotumika inayoshika mtandao bila shida, ikiwa bado imo katika akaunti ya mwenyewe wa zamani. Huyo ataendelea kuiona droo ya fedha, saa ya kufunga duka na watoto wanaolala chumba cha nyuma.

Kamera mpya nayo isiachiwe neno la siri ililotoka nalo kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliziteka kamera na mitambo ya kurekodia kote duniani kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani, na Oktoba 21 mwaka huo jeshi hilo la vifaa lilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn nchini Marekani, tovuti nyingi maarufu zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wamiliki wa vifaa hivyo hawakujua lolote.

Sheria nayo haiko mbali. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humwacha huru mtu anayetumia data kwa shughuli zake binafsi za nyumbani. Duka si nyumba. Mwenye biashara anayerekodi wateja na wapita njia hukusanya data zao, na anatakiwa awafahamishe, walau kwa bango lenye maneno machache mlangoni. Katika kambi ambamo nyumba zimebanana na ua wa mmoja ni njia ya mwingine, kamera iliyogeuzwa kidogo upande usiofaa huingia uani kwa jirani, wanakofulia na kuogeshea watoto. Ugomvi wa namna hiyo hauhitaji sheria kuuwasha. Kamera nyingi zina chaguo la kuziba kipande cha picha, na wanaolijua ni wachache.

Ikiwa yote haya yamepitiwa na kamera ingali inakataa, ndipo hukumu ya ubovu inapostahili. Jaribio la mwisho lifanyike hivi: chaja yake halisi, simu nyingine, mtandao mwingine wa gigahezi 2.4, kamera ikiwa hatua mbili kutoka kwenye ruta, na iwe imerejeshwa katika hali ya kiwandani. Ikishindwa hapo mara tatu, ni mbovu. Jaribio hilo lirekodiwe kwa simu, kuanzia kuchomeka hadi sauti ya kushindwa, na video hiyo itumwe kwa muuzaji kabla ya boksi kukabidhiwa dereva.

Ikishika, isikimbizwe ukutani. Jenereta izimwe makusudi, ingojewe dakika kumi, iwashwe tena, na kamera iachwe irejee yenyewe bila kuguswa. Kisha isubiriwe usiku uingie, picha ifunguliwe kwenye simu, na mwenye duka atazame saa iliyoandikwa pembeni mwa picha hiyo. Programu nyingine huendelea kuonyesha picha ya mwisho iliyopokelewa kabla ya kukatika, nayo huonekana hai kabisa: mlango umefungwa, kufuli iko mahali pake, hakuna anayepita. Saa ndiyo itakayosema kama ni ya usiku huu au ya jana.